Kitinda Mimba Agawe, Kifungua Mimba Achague: Ardhi na Mirathi katika Ukoo wa Wynn wa Gwydir

Utangulizi

Wahenga walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hii humwonya mtu wa nje asijitie katika magomvi ya watu wa tumbo moja, kwa kuwa hatimaye watapatana. Lakini ipo mizozo ya ndugu ambayo msimu wa mavuno huwadia bila ya wao kupatana, na aghalabu kinachozozaniwa huwa ni shamba lenyewe.

Makala haya yananuia kufafanua jinsi ukoo mmoja wa makabaila wa Wales, ukoo wa Wynn wa Gwydir, ulivyoipata ardhi yake, ulivyoigawana na hatimaye ulivyoipoteza katika kipindi cha takriban karne nne na nusu. Hoja yetu kuu ni kwamba hakuna kanuni ya mirathi isiyo na gharama. Ardhi ikigawanywa sawasawa, kila kizazi hupata kipande kidogo kuliko cha kizazi kilichotangulia. Ikiachwa nzima mkononi mwa mtu mmoja, gharama huwaangukia wadogo zake, dada zake na hata watu wasiokuwa wa ukoo. Kwa hivyo, swali la msingi si kama kuna gharama, bali ni nani anayeilipa.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana haja gani na mashamba ya Wales? Jawabu ni kwamba sehemu kubwa ya habari hizi tunaipata katika kitabu ambacho utanzu wake si mgeni kwetu. Sir John Wynn (1553–1627) aliandika historia ya jamaa yake, ijulikanayo kama Historia ya Ukoo wa Gwydir, ambayo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1770. Sisi tuliosoma tarehe za miji ya pwani, mathalani Habari za Pate, tunafahamu kwamba katika maandishi ya aina hii nasaba haiwi orodha ya majina tu. Nasaba huwa ni hoja: fulani ni mwana wa fulani, na kwa sababu hiyo mahali fulani ni pake. Sir John naye aliandika kwa misingi hiyo hiyo.

Mahali na Majina

Gwydir ni nyumba kubwa ya mawe iliyoko kaskazini mwa Wales, katika bonde la mto Conwy, karibu na mji mdogo wa Llanrwst. Chimbuko la ukoo, hata hivyo, ni wilaya ya Eifionydd, upande wa magharibi wa milima ya Eryri, karibu na bahari. Ukoo ulijinasibisha na wafalme wa Gwynedd, ufalme wa kaskazini ya Wales, kupitia kwa Gruffudd ap Cynan aliyefariki mwaka 1137, na mwanawe Owain Gwynedd.

Neno "ap" linalojitokeza katika majina hayo ni sawa na "bin" katika majina ya Waislamu wa pwani. Maredudd ap Ieuan ap Robert ni Maredudd bin Ieuan bin Robert. Jina la mtu lilikuwa kipande cha nasaba, na mtu aliyeweza kuyataja majina ya baba zake hadi kizazi cha mbali alikuwa anataja, kwa wakati huo huo, haki yake ya ardhi. Jina Wynn lenyewe linatokana na neno la Kiwelisi "gwyn", lenye maana ya -eupe. Lilikuwa jina la mtu mmoja, John Wyn ap Maredudd, kabla ya kugeuka kuwa jina la ukoo mzima kwa kufuata desturi ya Waingereza. Baadaye tutaona jinsi jina hilo lilivyokuja kuvaliwa na watu ambao hawakuzaliwa nalo.

Sheria ya Hywel

Sheria za kale za Wales huhusishwa na mfalme Hywel Dda, yaani Hywel Mwema, aliyefariki yapata mwaka 950, ingawa miswada ya kale zaidi iliyotufikia ni ya karne ya 13. Katika sheria hizo, ardhi ya baba iligawanywa kwa wanawe wa kiume wote kwa mafungu yaliyo sawa. Utaratibu huu uliitwa cyfran, maana yake mgawo.

Namna ya kugawa ilikuwa ya busara. Kitinda mimba ndiye aliyeyakata mafungu. Kifungua mimba alichagua kwanza, wakafuata wengine kwa umri wao, na mgawaji akabaki na fungu lililosazwa na wenzake. Kwa vile aliyegawa ndiye aliyechagua mwisho, hakuwa na sababu ya kulinenepesha fungu moja na kulikondesha jingine. Fauka ya hayo, kitinda mimba alipewa boma kuu la baba yake pamoja na ekari nane za kipimo cha kule, chungu kikubwa cha kupikia, shoka la kuni na kisu cha plau. Vitu hivi vitatu vya mwisho baba hakuruhusiwa kumwachia mtu mwingine awaye yote. Mantiki yake si ngumu kuielewa: wakubwa wamekwisha kuondoka na kujijengea, na aliyebaki na wazazi ndiye anayehitaji chungu na shoka ili moto wa nyumba hiyo usizimike.

Mgawo haukuishia hapo. Ardhi iligawanywa mara ya kwanza baina ya ndugu. Ndugu hao walipofariki wote, wana wao waliweza kudai igawanywe upya baina ya binamu, na baadaye vitukuu wa mwenye ardhi wakaigawanya mara ya tatu na ya mwisho. Kwa hivyo, kwa vizazi vitatu hakuna mtu aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba kipande anachokilima ni chake moja kwa moja. Kundi hili la jamaa pamoja na ardhi yao waliliita gwely, neno ambalo maana yake ya kawaida ni kitanda. Ardhi ilikuwa kitanda kimoja cha watu wengi.

Yapo mambo mawili zaidi ya kuzingatiwa. Kwanza, ardhi ya ukoo haikuuzika. Aliyehitaji fedha aliiweka rehani kwa muda wa miaka minne, na rehani hiyo ikarudiwa miaka minne baada ya minne hata ikafanana na mauzo. Njia hii, iliyoitwa prid, ndiyo iliyowawezesha watu wenye fedha kuvikusanya vipande vya jirani zao. Pili, mabinti hawakuwa na fungu katika ardhi, ilhali mwana aliyezaliwa nje ya ndoa alirithi sawa na wenzake mradi baba alimkiri. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipokwisha kuishinda Wales, sheria yake ya mwaka 1284 iliuacha mgawo baina ya wana uendelee, lakini iliwatoa wana wa nje ya ndoa na kuwaruhusu mabinti kurithi pale ambapo hapakuwa na mwana wa kiume.

Katika nyumba za wakuu, usawa huu haukuleta amani. Owain Gwynedd alipofariki mwaka 1170, wanawe walianza kupigana mwaka huo huo. Hywel, ambaye alikuwa shujaa na mshairi mashuhuri, aliuawa vitani na ndugu zake wa baba mmoja, Dafydd na Rhodri. Jambo la kutia fikra ni kwamba Rhodri huyu ndiye ambaye ukoo wa Wynn ulidai kuwa babu yao. Nasaba waliyojivunia ilipitia kwa mtu aliyehusika katika kumwaga damu ya ndugu yake.

Maredudd Ahama

Tukio kuu katika kitabu cha Sir John linamhusu Maredudd ap Ieuan ap Robert, baba wa babu yake. Maredudd alilelewa na jamaa yake karibu na mji wa Caernarfon, na huko alifundishwa kusoma, kuandika, Kiingereza na Kilatini, elimu iliyokuwa adimu kwa Mwelisi wa siku zake. Alipokuwa mtu mzima alirejea katika ardhi ya baba zake huko Eifionydd, akaikuta wilaya iliyojaa visasi. Jamaa wa damu moja walikuwa wakichinjana kwa ajili ya mipaka, heshima na uongozi wa eneo lao.

Sir John anatueleza kwamba Maredudd alipima mambo, akaona kuwa akibaki Eifionydd hana budi ama awaue jamaa zake ama yeye auawe nao. Yapata mwaka 1489 alipata haki ya kuikalia ngome ya Dolwyddelan, iliyokuwa mali ya taji la Uingereza, akahamia huko milimani. Haikuwa nchi ya raha. Jirani yake palikuwa Ysbyty Ifan, ambako wahalifu waliwakimbia wakuu wa sheria na kupata hifadhi. Lakini Maredudd aliona ni heri kupambana na wanyang'anyi asiowajua kuliko kupambana na watoto wa jamaa zake. Aliwaweka wapiga mishale hodari kumlinda, akalihamishia kanisa mahali pa wazi zaidi, na kila alipokwenda kusali aliacha mlinzi juu ya jabali mahali palipoonekana nyumba na kanisa pia.

Polepole aliinunua ardhi ya bonde la Conwy, ikiwemo Gwydir yenyewe. Alifariki mwaka 1525, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Aliacha watoto zaidi ya ishirini, wa ndani na wa nje ya ndoa. Ardhi yake haikuenda kwa mmoja: mathalani, Gesailgyfarch, nyumba ya zamani ya huko Eifionydd, ilikwenda kwa mwanawe Humphrey, nayo Gwydir ikawa ya John Wyn.

Ni vyema tumsome Sir John kwa tahadhari. Yeye anaulaumu mgawo kuwa ndio mzizi wa mauaji na umaskini wa koo za Wales. Ukweli ni kwamba karne ya 15 ilikuwa na mambo mengine yaliyochochea fujo: uasi wa Owain Glyndŵr ulioanza mwaka 1400, vita vya kugombea taji la Uingereza, na udhaifu wa mahakama. Tena, mwandishi mwenyewe ni kifungua mimba aliyerithi chini ya kanuni mpya. Ni mrithi anayeitetea kanuni iliyompa urithi. Pamoja na hayo, hofu anayoisimulia haiwezi kupuuzwa, kwani mtu hahami kutoka kwa watu wake na kwenda kuishi jirani na majambazi bila ya sababu nzito.

Mmoja Apewa Vyote

Sheria za mwaka 1536 na 1543, zilizotungwa katika utawala wa Henry wa Nane, ziliiunganisha Wales na Uingereza, na ile ya mwaka 1543 ikaukomesha mgawo. Tangu hapo ardhi ya mtu aliyekufa bila wosia ilimwendea mwanawe mkubwa peke yake. Kitinda mimba alipoteza boma, chungu na shoka kwa mara moja.

Faida kwa milki ilidhihirika upesi. Gwydir ilipita nzima kutoka kwa John Wyn, aliyefariki mwaka 1559, hadi kwa mwanawe Morus, aliyefariki mwaka 1580, kisha kwa Sir John. Huyu wa tatu aliizidisha kwa ununuzi, kwa kesi na kwa ubabe. Mwaka 1611 alipata cheo cha baroneti, yaani cheo cha heshima kinachorithiwa na mwana wa kiume. Alianzisha shule na nyumba ya kuwatunza wazee maskini huko Llanrwst. Wakati huo huo alikuwa na sifa mbaya ya kuwaonea wapangaji wake, na mwaka 1615 alishtakiwa mbele ya Baraza la Mipaka ya Wales kwa kadhia hiyo.

Je, wale wadogo walifanyaje? Sir John na mkewe, Sidney Gerard, walijaliwa watoto zaidi ya kumi. Maelfu ya barua za jamaa hii yamehifadhiwa, nyingi zikiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth, na ndani yake twawaona wana hao wakitafutiwa riziki mmoja mmoja. Richard alipelekwa katika nyumba ya kifalme, na mwaka 1623 akawa katika msafara wa mwanamfalme Charles kwenda Uhispania. Owen alitiwa kwa mfanyabiashara wa London. Maurice alikwenda Hamburg, Ujerumani, kujifunza biashara. Robert akawa kasisi na Henry akawa mwanasheria. Barua nyingi zinaeleza jambo moja: fedha hazitoshi. Baba aliyekuwa na ardhi nyingi kuliko jirani zake wote alikuwa na wana waliokuwa wakiomba karo, nauli na mtaji.

Hata kifungua mimba hakuwa huru. Mwana mkubwa, aliyeitwa John kama baba yake, aliozwa mwaka 1606 kwa binti wa kabaila wa Kiingereza katika ndoa iliyopangwa kwa hesabu za mali. Ndoa haikuwa na furaha. Kijana aliondoka kwenda ng'ambo, akafia Lucca, Italia, mwaka 1614, bila ya kuiona siku ya kuirithi Gwydir. Ardhi iliyosemekana kuwa yake ndiyo iliyomchagulia mke.

Mapatano ya Ukoo

Kumrithisha mmoja peke yake hakukutosha kuilinda ardhi. Mrithi mpumbavu au mwenye madeni angeweza kuiuza yote. Katikati ya karne ya 17, wanasheria wa Uingereza walibuni hati ya mapatano ya ukoo ambayo ilikuja kutumiwa na karibu familia zote za makabaila wa nchi hiyo na Wales. Ni muhimu tuieleze, maana bila ya kuielewa hatuwezi kuelewa jinsi milki kubwa zilivyodumu.

Hati iliandikwa aghalabu mwana mkubwa alipokaribia kuoa. Baba na mwana walikubaliana kwamba baba ataitumia ardhi kwa muda wa uhai wake tu. Kisha mwana ataitumia kwa muda wa uhai wake. Kisha itamwendea mjukuu ambaye bado hajazaliwa. Wadhamini waliteuliwa ili kuilinda haki ya huyo asiyezaliwa. Mjukuu alipozaliwa na kutimiza miaka 21, aliweza kuungana na baba yake kuivunja hati. Lakini kwa kuwa alihitaji posho ya kila mwaka ili aishi kiungwana, baba alimpa posho hiyo kwa sharti kwamba watie saini hati nyingine ya namna ile ile. Hivyo kila kizazi kilijifunga chenyewe na kukifunga kinachofuata. Aliyeitwa mwenye ardhi alikuwa kama mlezi tu wa mali ya mtu asiyemjua. Msomaji wa pwani atakumbuka wakfu wa kizazi, ambao nao huizuia mali isiuzwe na kuyaelekeza mapato yake kwa vizazi vya mtoa wakfu, ingawa misingi ya kidini ya wakfu ni tofauti.

Jamaa wengine waliwekewa mafungu katika hati hiyo hiyo. Mjane alitengewa mapato ya kila mwaka hadi kufa kwake. Mabinti na wana wadogo walitengewa kiasi cha fedha kilichotajwa mapema. Fungu la binti lilikwenda naye kwa mumewe, kinyume cha mahari yetu inayotoka upande wa mume. Fedha hizi zote zilitoka katika ardhi, na ambapo kodi za wapangaji hazikutosha, ardhi iliwekwa rehani. Kwa hivyo milki iliyoonekana nzima juu ya ramani ilikuwa imegawanywa ndani ya daftari za madeni. Usawa uliofukuzwa kupitia mlangoni ulirudi dirishani, ila sasa ulikuwa usawa wa fedha, na wenye fungu dogo hawakuchagua, waliandikiwa.

Ardhi kwa Binti, Cheo kwa Binamu

Mfumo uliokusudiwa kulilinda jina la kiume ulikuwa na udhaifu mmoja: ulitegemea kuzaliwa kwa mwana. Sir Richard, baroneti wa pili, alifariki mwaka 1649 bila mtoto. Alimfuata ndugu yake Owen, aliyefariki mwaka 1660, kisha Richard mwana wa Owen, aliyefariki mwaka 1674 akiacha binti mmoja tu, Mary. Hapo milki ikapasuka. Cheo cha baroneti hakikuweza kurithiwa na mwanamke, kwa hivyo kilimwendea binamu ya marehemu, John, mwana wa yule Henry mwanasheria. Ardhi ya Gwydir ilikuwa ya Mary. Mwaka 1678 Mary aliolewa na Robert Bertie, wa ukoo wa kikabaila wa Kiingereza, na Gwydir ikatoka mikononi mwa Wynn. Jasho la Maredudd la kununua bonde zima lilitosha vizazi sita tu.

Binamu John alikuwa amepewa cheo bila ya Gwydir, lakini alikuwa ameoa vyema. Mkewe, Jane Evans, alirithi nyumba ya Watstay karibu na Ruabon, kaskazini mashariki mwa Wales. Sir John huyu wa pili aliibadilisha jina ikawa Wynnstay, akalipandikiza jina la ukoo katika ardhi ya mkewe. Naye alifariki mwaka 1719, akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini, bila mtoto. Kwa wosia wake aliiacha milki kwa kijana aliyeitwa Watkin Williams, ambaye alikuwa wa damu ya Wynn kwa upande wa mama, Jane Thelwall. Kijana huyo akajiongezea jina la Wynn. Kabla ya hapo ardhi ilikuwa ikifuata jina. Sasa jina lilikuwa linaifuata ardhi.

Watkin Williams Wynn naye alimwoa mrithi. Mkewe wa kwanza, Ann Vaughan wa Llwydiarth, alileta mashamba makubwa ya Wales ya kati na ya eneo la Bala, yakiwemo ya Glan-llyn. Ann alifariki mwaka 1748. Watkin alioa tena mwaka huo huo, akapata mwana, na mwaka 1749 akaanguka kutoka kwa farasi akafa. Milki kubwa kuliko zote katika Wales ikawa ya mtoto mchanga.

Tukiutazama mlolongo huu tunaona jambo la ajabu. Mary, Jane Evans, Jane Thelwall na Ann Vaughan ndio waliokuwa daraja za ardhi hii. Sheria iliwaweka wanawake pembeni, lakini kila mlango wa kiume ulipofungwa, mali ilipita kwao. Walikuwa njia ya kupitishia mali, si wenye kuiamua.

Waliokuwa Nje ya Hati

Orodha ya wenye ardhi iliyoandaliwa na serikali ya Uingereza katika miaka ya 1870 ilionyesha kwamba Sir Watkin wa wakati huo alimiliki takriban ekari 145,000. Hakuna aliyemkaribia nchini Wales. Lakini ekari hizo zililimwa na nani? Zililimwa na wapangaji, wengi wao wakikodi mwaka hadi mwaka bila ya hati ndefu. Mjane wa kabaila alikuwa na fungu lake kwa maandishi, binti alikuwa na lake, hata mtoto asiyezaliwa alikuwa na mdhamini. Mpangaji ambaye babu yake alilima shamba lile lile hakuwa na chochote ila hisani ya mwenye ardhi.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1859. Katika uchaguzi wa wilaya ya Meirionnydd, kura zilipigwa hadharani, na kila mtu alijua jirani yake amemchagua nani. Baadhi ya wapangaji wa milki za Rhiwlas na Wynnstay hawakumuunga mkono mgombea aliyependwa na wenye ardhi, na walifukuzwa mashambani. Miongoni mwa walioondolewa katika ardhi ya Wynnstay alikuwa mama mzazi wa Michael D. Jones, mchungaji na mwalimu wa chuo cha dini mjini Bala. Michael D. Jones alikuwa tayari na wazo la kuwatafutia Wawelisi makao ng'ambo ambako wangetumia lugha yao bila ya kumtegemea kabaila. Kadhia ya mamake haikumpunguzia ari hiyo. Mwaka 1865 meli iitwayo Mimosa iliondoka Liverpool na takriban watu 150 kwenda Patagonia, Argentina. Kura ya siri ililetwa Uingereza mwaka 1872.

Milki yenyewe ilianza kuyeyuka baadaye. Sheria ya mwaka 1882 ilimruhusu mtumiaji wa ardhi ya ukoo kuiuza, mradi fedha zihifadhiwe na wadhamini. Kodi ya mirathi iliyoanzishwa mwaka 1894 ilifanya kila kifo kiwe deni. Kanuni ya kumrithisha kifungua mimba peke yake pale ambapo hakuna wosia ilifutwa kwa sheria za mwaka 1925. Mwaka 1946 mashamba ya Glan-llyn yalichukuliwa na serikali kama malipo ya kodi ya mirathi, na nyumba ya Wynnstay ikageuzwa kuwa shule.

Hitimisho

Tumeona hatua tatu. Katika hatua ya kwanza ndugu wote walipata, na ukoo ukagawanyika hadi Maredudd akalazimika kuhama ili asiwaue watu wake. Katika hatua ya pili mmoja alipata vyote, na wadogo zake wakatawanyika London, Hamburg na kwingineko kutafuta riziki. Katika hatua ya tatu mapatano yaliandikwa kwa ustadi ili kila jamaa apate kitu na ardhi isiguswe, na gharama ikasukumwa kwa wapangaji waliokuwa nje ya hati.

Suala hili si la Wales pekee. Sheria ya Kenya ya urithi, ambayo ilianza kutumika mwaka 1981, haiwabagui watoto wa kike na wa kiume, lakini mahakama zetu bado zinasikiliza kesi za ndugu juu ya vipande vya ardhi ambavyo babu mmoja alivilima peke yake. Msomaji anayeketi katika baraza la jamaa kujadili shamba la marehemu hatapata kwa Sir John Wynn kanuni ya kuinakili. Atakachokipata ni swali la kuuliza kabla ya mipaka kupimwa: katika mgawo huu tunaouita wa haki, ni nani ambaye hakuitwa kikaoni?

Pale Glan-llyn, kando ya ziwa la Bala, tangu mwaka 1950 pamekuwa na kambi ya shirika la vijana liitwalo Urdd Gobaith Cymru. Vijana huenda huko kucheza, kupiga makasia na kuzungumza Kiwelisi katika ardhi ambayo zamani mtu angeweza kufukuzwa kwa kura yake. Hawakuirithi kutoka kwa yeyote.